Saratani ya tezi dume ikirudi: dawa mbili kwa pamoja, na masafa ya Kutulo

Mzee akishafanyiwa upasuaji au tiba ya mionzi, kisha akaambiwa saratani ya tezi dume imerudi, nyumbani watu huanza kunong'ona kana kwamba mambo yamekwisha. Ndugu msomaji, hayajakwisha. Majaribio ya kitabibu yameonyesha kuwa wagonjwa wengi wa aina hii hufaidika wakipewa dawa zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Lakini faida hiyo inategemea kitu kidogo ambacho huku kwetu ndicho kigumu: kupimwa damu mara kwa mara.

"Imerudi" maana yake nini

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo. Hutoa protini iitwayo PSA, ambayo hupimwa kwenye damu. Aliyeondolewa tezi yote hatarajiwi kubaki na PSA ya kuonekana. Ikifika 0.2 na kipimo cha pili kikathibitisha, huhesabiwa kuwa maradhi yamerudi. Aliyetibiwa kwa mionzi bado ana tezi yake, kwa hivyo daktari huangalia kama PSA imepanda kwa 2 au zaidi kutoka kiwango cha chini kabisa ilichowahi kufika. Mara nyingi wakati huo mgonjwa hasikii maumivu yoyote.

Kasi nayo ina uzito wake. PSA ikiongezeka maradufu katika muda wa miezi michache, hatari ya saratani kusambaa hadi mifupani ni kubwa. Kasi hiyo haijulikani kwa kipimo kimoja. Vinahitajika vipimo kadhaa, kila kimoja na tarehe yake.

Kwa nini dawa mbili

Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba ukiikata homoni hiyo, maradhi hunywea. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mpaka leo sindano za homoni kama leuprorelin na goserelin hufuata njia hiyo: huzuia korodani kutengeneza homoni. Hata hivyo, tezi zilizo juu ya figo, na hata seli za saratani zenyewe, huendelea kutoa homoni kidogo, na hicho kidogo chatosha kuyaamsha maradhi. Hapo ndipo dawa ya pili inapoingia. Abiraterone huzuia hata homoni hiyo iliyobaki isitengenezwe. Bicalutamide na enzalutamide huizuia isifanye kazi ndani ya seli.

Majaribio yalionyesha nini

Jaribio moja la Amerika Kaskazini lilihusisha wanaume 760 ambao PSA yao ilipanda baada ya upasuaji. Wote walipewa mionzi, na nusu yao wakaongezewa bicalutamide kwa miaka 2. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017: baada ya miaka 12, walio hai walikuwa 76 kati ya 100 kwa waliopata dawa, na 71 kwa waliopata mionzi peke yake. Walionufaika zaidi ni wale ambao PSA yao ilikuwa imeshapanda sana.

Jaribio la EMBARK, lililochapishwa mwaka 2023, lilikuwa na wanaume 1,068 ambao PSA yao iliongezeka maradufu ndani ya miezi 9 au chini ya hapo. Baada ya miaka 5, waliopewa leuprorelin pamoja na enzalutamide na wakaishi bila saratani kusambaa walikuwa 87 kati ya 100. Kwa waliopewa leuprorelin peke yake, walikuwa 71. Tena, ambaye PSA yake ilishuka chini ya 0.2 baada ya wiki 36 alipumzishwa dawa, akawa anafuatiliwa kwa vipimo tu.

Dawa hizi zina madhara yake: joto la ghafla, uchovu, mifupa kudhoofika. Abiraterone inaweza kupandisha presha na kusumbua ini, na hutumiwa pamoja na prednisone. Kwa desturi humezwa tumbo likiwa tupu, kwa hivyo anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake mapema.

Gharama

Shirika la Afya Duniani liliiweka abiraterone kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini bei bado ni mzigo. Mwaka 2018 jaribio dogo la wagonjwa 72 lilionyesha kuwa miligramu 250 pamoja na chakula chepesi zilishusha PSA sawa na miligramu 1,000 bila chakula. Hilo ni la kumuuliza daktari. Mgonjwa asijipunguzie dawa mwenyewe.

Kutoka Kutulo

Kutulo iko kwenye barabara ya Wajir kwenda Elwak. Kituo cha saratani cha kanda kiko Garissa, safari ya zaidi ya kilomita 300. Garissa ilichaguliwa pamoja na Mombasa na Nakuru ili matibabu yasiishie Nairobi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kumsafirisha mzee wa miaka 70 umbali huo kila baada ya miezi mitatu kwa sababu ya chupa moja ya damu ni kumchosha bure. Matokeo yake ni kuwa haendi, kasi ya PSA haijulikani, na dawa inakuja wakati saratani imeshafika mifupani.

Damu inaweza kutolewa karibu na nyumbani, ikasafirishwa kwenye kisanduku cha baridi, na majibu yakarudi kwa simu. Serikali za kaunti zina uwezo wa kulipanga hilo bila kungoja mashine mpya. Nasi jamaa tuna kazi yetu: tutunze kila karatasi ya PSA na tarehe yake, kisha tumuulize daktari mambo matatu. PSA inaongezeka kwa kasi gani? Je, mionzi bado inafaa? Na je, sindano peke yake inatosha, au mzee anahitaji dawa ya pili?