Mzigo wa Nani? Historia ya Mjadala wa Mageuzi ya Afya na Gharama za Bima nchini Kenya, Tanzania na Rwanda, 1966–2024

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mageuzi ya sekta ya afya yalivyoathiri gharama za bima katika nchi tatu za Afrika Mashariki: Kenya, Tanzania na Rwanda. Hoja kuu ni kwamba swali ambalo limekuwa likiulizwa hadharani, yaani kama mageuzi hupandisha au hushusha gharama za bima, limeficha swali lililo zito zaidi: nani hubeba gharama hizo, na kwa njia gani. Makala yanaonesha kuwa mchango uliogandishwa kwa miaka mingi haukuondoa gharama bali uliihamishia mfukoni mwa mgonjwa na katika madeni ya hospitali. Aidha, yanaonesha kuwa aina ya mchango, uwe wa kiwango kimoja, wa madaraja au wa asilimia, ndiyo iliyoamua nani apate nafuu na nani aongezewe mzigo kila sheria ilipobadilishwa.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika mijadala ya bima ya afya, methali hii ina ukweli wa pekee. Mwajiri huona mchango wa mfanyakazi kuwa mdogo. Mfanyakazi mwenye mshahara huona mchango wa mkulima kuwa mdogo. Naye mkulima, ambaye fedha huziona msimu wa mavuno tu, huwaona wote wawili kuwa watu waliokwisha kufarijika.

Neno “gharama” lenyewe limechangia mkanganyiko. Katika mijadala ya umma limebeba angalau maana tatu. Ya kwanza ni mchango anaoutoa mwanachama kila mwezi au kila mwaka. Ya pili ni malipo anayoyatoa mgonjwa anapofika kituoni. Ya tatu ni jumla ya fedha ambazo taifa linazitumia kutibu watu wake, zitoke katika kodi, michango, misaada au mifuko ya wagonjwa. Mageuzi yanaweza kupandisha ya kwanza na kushusha ya pili bila kubadili sana ya tatu. Wapinzani wa mageuzi mara nyingi wamezungumzia ya kwanza, watetezi wakazungumzia ya pili, na wizara za fedha zikaiogopa ya tatu. Hivyo pande zote zimeweza kusema kweli bila kuelewana.

2.0 Kenya: Kutoka shilingi 20 hadi asilimia 2.75

Mwaka 1965 serikali ya Kenya huru iliondoa malipo ya matibabu kwa wagonjwa wa nje katika vituo vya umma. Mwaka uliofuata, Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali ilipitishwa. Mfuko huo ulianza kama idara ndani ya Wizara ya Afya, na uliwahusu waajiriwa waliopata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi. Kila mmoja wao alichangia shilingi 20, bila kujali amezidi kiwango hicho kwa kiasi gani. Kwa aliyepata shilingi 1,000, mchango huo ulikuwa asilimia 2 ya mshahara. Kwa aliyepata shilingi 5,000, ulikuwa asilimia 0.4 tu. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wasioajiriwa kujiunga kwa hiari.

Mfumo huo haukutikisika hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati sera za marekebisho ya kiuchumi zilipoleta uchangiaji gharama. Malipo katika hospitali za umma yalianzishwa Desemba 1989, yakasitishwa kwa sehemu mwaka 1990 kutokana na malalamiko, kisha yakarejeshwa kwa awamu kuanzia 1992. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1990, ambapo mchango wa kiwango kimoja uliondolewa na kuwekwa madaraja ya kuanzia shilingi 30 hadi shilingi 320 kwa mwezi. Daraja la juu lilianzia mshahara wa shilingi 15,000.

Madaraja hayo yalidumu kwa miaka 25. Mishahara ilipanda, bei za dawa zikapanda, lakini aliyelipwa shilingi 100,000 aliendelea kutoa shilingi 320 zilezile. Kwa juu juu, bima ilikuwa rahisi. Kwa ndani, kitita chake kilihusu zaidi kulazwa hospitalini, ilhali magonjwa mengi yaliyowapeleka watu kituoni yalihitaji matibabu ya nje, ambayo mwanachama aliyalipia mwenyewe. Mchango mdogo haukuwa ushahidi wa gharama ndogo. Ulikuwa ushahidi wa ahadi ndogo.

Jaribio kubwa la kuvunja hali hiyo lilikuja mwaka 2004, chini ya Waziri wa Afya Charity Ngilu. Mswada wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ya Jamii ulikusudia kumwingiza kila mkazi na kugharimia matibabu ya nje na ya ndani. Bunge liliupitisha Desemba 2004. Waajiri, kampuni za bima binafsi na wataalamu wa fedha za umma walidai kuwa uchumi usingeweza kuubeba. Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia saini. Katika mjadala huo, gharama ya kutofanya mageuzi, yaani fedha ambazo familia zingeendelea kuzitoa mfukoni, haikupewa uzito sawa na gharama ya kuyafanya.

Mwaka 2010 mfuko ulitangaza viwango vipya vilivyofikia shilingi 2,000, lakini shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COTU, lilivipinga mahakamani. Ilipofika Aprili 2015, baada ya maafikiano, viwango vipya vilianza: shilingi 150 kwa wa chini kabisa hadi shilingi 1,700 kwa wenye mshahara wa shilingi 100,000 na zaidi, na shilingi 500 kwa wasioajiriwa, waliokuwa wakitoa 160. Matibabu ya nje yaliingizwa katika kitita. Kwa mwananchi, hilo lilikuwa ongezeko la zaidi ya mara tano katika daraja la juu. Ukali wa ongezeko hilo, hata hivyo, ulitokana kwa sehemu kubwa na robo karne ya kutogusa viwango. Kilichocheleweshwa kililipwa kwa mkupuo.

Hatua iliyofuata ilikuwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, iliyotiwa saini tarehe 19 Oktoba. Mchango uliwekwa kuwa asilimia 2.75 ya mapato ghafi, bila kikomo cha juu, na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo Julai 2024, ikitaja miongoni mwa kasoro zake upungufu wa ushirikishwaji wa umma. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba, na utekelezaji ukaanza tarehe 1 Oktoba 2024.

Je, sheria hiyo ilipandisha gharama? Hesabu yenyewe inatoa majibu zaidi ya moja. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikuwa akitoa 750, yaani asilimia 3.75, sasa alitakiwa kutoa 550. Mwenye shilingi 30,000 alishuka kutoka 900 hadi 825. Mwenye shilingi 40,000 alipanda kutoka 1,000 hadi 1,100. Mwenye shilingi 100,000 alipanda kutoka 1,700 hadi 2,750, na mwenye shilingi 500,000 kutoka 1,700 hadi 13,750. Mpaka kati ya walionufaika na walioongezewa uliangukia karibu na mshahara wa shilingi 33,000. Sauti zilizosikika zaidi katika vyombo vya habari zilitoka upande wa juu wa mpaka huo.

Hata hivyo, si haki kuhitimisha kwamba sheria iliwapendelea wanyonge wote. Wasioajiriwa walipunguziwa kiwango cha chini kutoka 500 hadi 300, lakini walitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mama mboga au mwendesha bodaboda, shilingi 3,600 kwa mkupuo ni mzigo wa aina nyingine kabisa na shilingi 500 za kila mwezi. Aidha, kiwango chake hutegemea tathmini ya hali ya kaya, ambayo huweza kukosea. Kwa mtu huyu, tatizo limehama kutoka ukubwa wa mchango hadi wakati wa kulipa.

3.0 Tanzania: Asilimia ya mapema na funzo la kadi ya watoto

Tanzania iliingia katika bima ya taifa kwa njia tofauti. Baada ya uchangiaji gharama kuanza miaka ya 1990, mfuko wa afya ya jamii ulijaribiwa Igunga, na Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ikapitishwa mwaka 1999. Kwa watumishi wa umma, mchango uliwekwa kuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitolewa na mwajiri. Kwa kuwa ulikuwa asilimia, ulikua pamoja na mishahara bila kuhitaji mapambano mapya ya kisiasa kila muongo. Kenya iliuchagua utaratibu wa aina hiyo zaidi ya miaka 20 baadaye.

Ugumu wa Tanzania ulijitokeza nje ya ajira rasmi. Kadi ya Toto Afya, iliyouzwa kwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, iliwapa nafuu wazazi wengi. Lakini kujiunga kulikuwa kwa hiari na kwa mtoto mmoja mmoja. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa alikuwa na kila sababu ya kukata kadi. Mwenye watoto wazima alikuwa na kila sababu ya kungoja. Mwaka 2023 mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza usajili kupitia makundi kama vile shule. Kwa wazazi waliokuwa wakitegemea kadi hiyo, hatua hii ilikuwa pigo. Kwa mtazamo wa kihistoria, ilionesha kanuni ambayo hakuna sheria iliyoweza kuikwepa: bima ya hiari inayowavuta zaidi wagonjwa lazima ipandishe bei, ipunguze huduma au ifunge mlango. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka huohuo, iliweka msingi wa kujiunga kwa lazima.

4.0 Rwanda: Mituweli na bei ya kuenea

Nchini Rwanda, malipo ya wagonjwa yaliporejeshwa baada ya vita na mauaji ya kimbari, mahudhurio ya vituo yalishuka. Mwaka 1999 mituweli zilijaribiwa Byumba, Kabgayi na Kabutare, kwa mchango wa faranga 2,500 kwa mwaka kwa familia ya watu wasiozidi saba. Mpango ulipoenezwa nchi nzima katikati ya miaka ya 2000, mchango ukawa faranga 1,000 kwa kila mtu. Mwaka 2011 ulipangwa kwa kufuata makundi ya ubudehe: 2,000, 3,000 na 7,000, huku maskini kabisa wakilipiwa na serikali na wafadhili.

Familia ya watu saba iliyokuwa ikitoa faranga 2,500 ilijikuta ikidaiwa 7,000, kisha 21,000 ikiwa katika kundi la kati. Hilo ni ongezeko lisilokanushika, na malalamiko kuhusu kuwekwa katika kundi lisilostahili yaliendelea kwa miaka. Pamoja na hayo, mwanachama alipofika kituo cha afya alitoa faranga 200 tu, na hospitalini asilimia 10 ya gharama. Mwaka 2015 usimamizi ulihamishiwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, na mwaka 2020 vyanzo vipya viliongezwa, vikiwemo asilimia 0.5 ya mshahara halisi wa wafanyakazi. Kwa hatua hiyo, Rwanda ilikiri kwamba michango ya kaya za vijijini peke yake haitoshi.

5.0 Mjadala

Historia hizi tatu zinakubaliana katika mambo matatu. Kwanza, gharama haipotei kwa kutotajwa. Kenya ilipogandisha mchango, gharama ilibaki kwa mgonjwa wa nje aliyelipa mwenyewe. Pili, mahali mchango unapokoma ndipo siasa inapoanza. Kikomo cha juu kilimlinda mwenye mshahara mkubwa, na kuondolewa kwake kuliitwa kupanda kwa gharama za bima, ingawa kwa mfanyakazi wa chini gharama hizo zilishuka. Tatu, sekta isiyo rasmi haiwezi kubebwa na michango yake peke yake. Rwanda iliongeza ruzuku na makato ya mishahara. Kenya, kwa sheria za 2023, ilianzisha pia Mfuko wa Afya ya Msingi unaotegemea bajeti ya serikali.

Kuna upande wa hoja za wapinzani usiostahili kupuuzwa. Mfanyakazi aliyekatwa mchango kwa miaka mingi na kuambiwa hospitalini kwamba mfuko haujalipa madeni yake ana sababu ya kukataa ongezeko. Mashaka yake hayahusu asilimia, yanahusu uaminifu. Hesabu sahihi ya mchango haiwezi kuponya jeraha hilo. Malipo ya hospitali kwa wakati na taarifa za fedha zilizo wazi ndivyo vinavyoweza.

6.0 Hitimisho

Uganda iliondoa malipo katika vituo vya umma mwaka 2001, na Bunge lake likapitisha mswada wa bima ya taifa Machi 2021, mswada ambao haukupata saini ya Rais. Mjadala huo utakaporejea, huko au kwingineko katika ukanda huu, washauri wa sera wana vipimo vinavyotokana na historia. Kila pendekezo lioneshwe kwa jedwali la vipato, ili ijulikane mpaka wa nafuu na ongezeko uko wapi. Viwango vipitiwe mara kwa mara, ili visigande miaka 25 na kupandishwa kwa siku moja. Malipo ya wasio na mshahara yafuate misimu ya mapato yao. Na mchango mpya usidaiwe kabla deni la zamani la hospitali halijapangiwa utaratibu wa kulipwa. Bila hayo, mageuzi yataendelea kupimwa kwa swali la ni kiasi gani kinakatwa, ilhali mgonjwa aliye kwenye foleni anauliza jambo jingine: akifika dirishani, kadi yake itakubaliwa?