Kibanda Umiza na Baa: Utazamaji wa Soka wa Pamoja Dar es Salaam

Kukusanyika mbele ya runinga moja kutazama soka ni desturi changa Dar es Salaam, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na chake tangu miaka ya 1970. Mwaka 1979, klabu ya Simba ya Dar es Salaam ilipofungwa nyumbani mabao 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia kisha ikaenda huko na kushinda 5-0, shabiki aliyebaki jijini hakuwa na namna ya kuiona mechi ile. Soka ya ugenini ilikuwa ya kusikilizwa redioni, mara nyingi watu kadhaa kwa redio moja.

Kumbi za video zilizoenea baada ya masharti ya uagizaji bidhaa kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, zikionyesha filamu za Kihindi na za Hong Kong kwa deki, ndizo zilizotayarisha njia. Matangazo ya setilaiti yalipoleta Ligi Kuu ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, mwenye ukumbi aliongeza dishi na king'amuzi, na malipo ya mwezi ambayo kaya ya kawaida isingeyamudu yakagawanywa kwa watazamaji wengi kupitia kiingilio. Ndivyo kilivyozaliwa kibanda umiza, yaani chumba cha mabati au mbao chenye mabenchi yaliyobanana, madirisha yaliyozibwa ili mwanga usififishe picha, joto kali, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki mechi za siku na saa zake.

Baa ilifuata hesabu nyingine: haikutoza kiingilio, bali ilirudisha gharama kwa bia na nyama choma, hivyo mtazamaji alilazimika kuagiza kitu ili akae. Tofauti hii ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu kibanda kilimpokea asiyekunywa pombe, kijana asiye na kipato na mwanafunzi, ingawa wanawake walibaki wachache humo. Anayeisimulia soka ya jiji hili kwa klabu na viwanja pekee huwaacha nje mashabiki hao, ambao wengi wao waliijua Arsenal au Manchester United wakiwa juu ya benchi la kibanda.

Mgawo mkali wa umeme wa mwaka 2006, mwaka uleule wa Kombe la Dunia nchini Ujerumani, uliifanya jenereta kuwa sehemu ya mtaji wa mwenye kibanda au baa. Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa 2013, iliileta ligi ya nyumbani kwenye kioo, na klabu za jiji, Simba na Yanga, zikapata nafasi katika ubao uliokuwa wa timu za Ulaya. Kisha michezo ya kubahatisha ikaleta mtazamaji wa aina mpya, mwenye mkeka mkononi, yaani orodha ya mechi alizozibashiri, ambaye hufuatilia hata timu asiyoishabikia, mradi matokeo yake yamo katika orodha hiyo.