Kabla ya Mkonga: Historia ya Ujumbe Kufika Bariadi

Bariadi ilipokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, mwenye habari ya haraka alikwenda posta kupiga telegramu, akilipia kila neno, au alimtafuta mwenye redio koli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walipata njia nyingine: HealthNet, mtandao wa SatelLife, shirika lililoanzishwa Marekani na daktari Bernard Lown. Setilaiti ndogo ya shirika hilo, HealthSat-2, ilirushwa mwaka 1993. Ilipokea barua ikiwa juu ya nchi moja na kuzishusha ikifika juu ya nyingine.

Palipokuwa na simu ya mezani, kazi ilifanywa na Fido, mfumo wa kompyuta kupelekeana barua kwa simu. Mtu aliandika barua zake bila kuunganishwa popote. Kompyuta ikazibana kuwa furushi moja, na usiku modemu ikapiga simu. Kwa kasi ya biti 2,400 kwa sekunde, ukurasa wa herufi 2,400 ulihitaji sekunde kumi hivi. Laini ikikatika, modemu ilipiga tena. Barua nyingi za Afrika zilipitia London, ambako Karen Banks wa GreenNet alisimamia lango la Fido. Furushi la kurudi lilileta majibu pamoja na HealthNet News, muhtasari wa majarida ya tiba kwa madaktari ambao maktaba zao hazikuwa na matoleo mapya.

Mwaka 1995 Tanzania ilipata anwani ya .tz, na mwaka uliofuata intaneti ikaanza kuuzwa Dar es Salaam. Kanda ya Ziwa, Sengerema ilipata kituo cha mawasiliano cha jamii mwaka 2001. Mkonga wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, simu ya mkononi ilikuwa imeshaizika telegramu.

Historia ya mtandao wetu isianzie kwenye mkonga. Watu wa Fido waliikubali laini mbovu jinsi ilivyo, wakatengeneza mfumo unaoiweza. Somo hilo linatufaa hata leo. Zahanati ya kijijini Meatu au Itilima, mkoani Simiyu, isiyo na mtandao wa uhakika inahitaji mfumo unaohifadhi taarifa za wagonjwa bila mtandao, kisha kuzituma mtandao ukipatikana. Mfumo unaodai mtandao kila dakika umetengenezwa kwa ajili ya mjini.