Gretsch White Falcon: Gitaa la Maonyesho Lililoingia Sokoni

Gitaa hili jeupe la umeme, lenye tumbo wazi ndani, awali halikukusudiwa kuuzwa. Jimmie Webster, mpiga gitaa aliyezinadi bidhaa za kampuni ya Gretsch, alilibuni ili livute macho katika maonyesho ya wafanyabiashara wa ala za muziki nchini Marekani mwaka 1954. Wenye maduka walipoliona, wakalitaka. Mwaka 1955 likaingia sokoni kwa dola 600, bei ya juu mno kwa wakati huo.

Tazama kingo zake. Utepe unaometameta dhahabu ulitoka kwenye ngoma za kampuni hiyo hiyo, iliyokuwa na kiwanda Brooklyn, New York. Kishikio cha nyuzi kina umbo la V linalokumbusha nembo ya magari ya Cadillac. Kwenye bamba la kukinga mikwaruzo, kipanga amekunjua mabawa.

Mwaka 1958 lilifungwa vinasa sauti vipya vya Filter'Tron, kazi ya mbunifu Ray Butts. Kila kimoja kina koili mbili zinazozima mvumo wa umeme.

Magitaa ya White Falcon ya miaka ya 1950 ni adimu, na wakusanyaji huyasaka sana.

Tafadhali usiliguse: jasho la mikono huondoa mchovyo wa dhahabu.