Athari Iliyojificha: Kiha na Kiswahili katika Maandishi ya Kasulu na Kibondo

Wachunguzi watazamapo athari ya lugha ya kwanza katika maandishi ya lugha ya pili, aghalabu huanza kwa kuhesabu maneno ya kigeni. Njia hiyo yafaa pale ambapo lugha mbili hizo si za ukoo mmoja. Zikiwa ndugu, hesabu hiyo hupotosha, kwa sababu sehemu kubwa ya athari haiko katika msamiati.

Mfano mashuhuri watoka nje ya Afrika. Mwaka 1966 Atallah Mansour, Mwarabu wa Israeli, alitoa riwaya kwa Kiebrania. Na mwaka 1986 Anton Shammas, mzaliwa wa kijiji cha Fassuta katika Galilaya, alitoa riwaya yake Arabeskot kwa lugha hiyo hiyo. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za Kisemiti. Neno katika zote mbili hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti, mara nyingi tatu, na mizizi mingi ni ya pamoja, kama zionyeshavyo salaam na shalom. Kwa hiyo mwandishi aweza kutia maana au mpangilio wa Kiarabu ndani ya neno ambalo Myahudi alisomapo hulitambua kuwa lake. Kitabu cha Shammas kilizusha mjadala: je, Kiebrania ni mali ya Wayahudi peke yao, au ni ya kila akiandikaye?

Hali inayofanana na hiyo ipo katika nyanda za juu za Kigoma. Kiha, ambacho Guthrie alikipa namba D66, kimo katika kundi moja na Kinyarwanda (D61) na Kirundi (D62). Kiswahili (G42) nacho ni Kibantu. Mtu wa Kasulu au Kibondo aandikapo Kiswahili huandika kwa lugha iliyo ndugu ya lugha ya mamaye.

Kiswahili hakikufika huko kwa siku moja. Ujiji, chini kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa kituo cha misafara ya pwani katika karne ya 19. Walakini milima ya Buha ilikuwa na watawala wake, na mgeni alipita kwa hongo. Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alitozwa mara kwa mara hata akaamua kuondoka usiku kwa siri. Baada ya Wajerumani walikuja Wabelgiji mwaka 1916, kisha Waingereza mwaka 1921, na Kiswahili kikawa lugha ya boma na ya shule. Tena vijana wengi, kutoka tawala za Heru upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo, walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, chombo cha kuandikisha manamba. Waliorudi kwao walirudi na Kiswahili cha kambini.

Kwa njia hizo maneno ya Kiarabu yalipanda milimani yakiwa yamekwisha kugeuzwa kuwa ya Kibantu. Kitab ya Waarabu ilikuwa kitabu pwani, silabi yake ya kwanza ikachukuliwa kuwa kiambishi, na wingi wake ukawa vitabu. Katika Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, neno hilo ni igitabu, wingi ibitabu: irabu imetangulia, na k imekuwa g kwa ajili ya t ifuatayo, kwa kanuni iitwayo ya Dahl. Asili ya Kiarabu haionekani humo ila kwa mchunguzi.

Athari ya Kiha yenyewe ni ngumu zaidi kuiona. Umuntu na abantu ni mtu na watu. Irabu ya mwanzo ikidondoshwa, hakuna alama ibakiayo. Toni, ambazo katika Kiha hutofautisha maana, hazina nafasi katika tahajia ya Kiswahili. Kitenzi cha Kiha hutenga wakati uliopita wa karibu na wa mbali. Kiswahili kina -li- kwa mambo ya jana na kwa mambo ya enzi za mababu. Mwandishi aliyezoea kutofautisha hivyo hana budi kutafuta njia nyingine: kielezi, mfuatano wa matukio, au kupokezana kwa -me- na -li-. Hapo ndipo pa kutazama.

Kazi hiyo huwa nyepesi pale ambapo mkono mmoja umeandika mara mbili. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Buha inahitaji ushahidi wa namna hiyo: simulizi, barua na insha za watu wale wale kwa lugha zote mbili.

Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, Kiswahili sanifu kimepimwa kwa Kiunguja, na kipimo kimoja kilihitajika kwa vitabu vya shule. Kosa la upatanisho ni kosa, liwe la Kasulu au la Tanga. Lakini sentensi yenye mpangilio wa Kiha, isiyovunja kanuni yoyote, ikisahihishwa bila kuulizwa ilikotoka, hupotea pamoja nayo ushahidi wa namna Kiswahili kilivyopata waandishi wake wa bara. Yafaa mhariri aitie alama kwanza, ndipo aamue kama yapasa kubadilishwa.