Programu bila mwongozo ni mali bila daftari

Mwezi uliopita nilitembelewa ofisini na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi ni mhandisi wa programu. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilikuwa kimempa kazi ya kufufua programu inayokokotoa riba na mgao wa faida wa wanachama. Kijana aliyeiunda alikuwa ameenda zake ng'ambo bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Programu yenyewe ilikuwa ikifanya kazi, lakini hakuna aliyejua kwa nini inakata kiasi fulani na si kingine. Wanachama wakiuliza, mhasibu anabaki kukuna kichwa.

"Mwalimu, nimeamua kuandika mwongozo wote upya," aliniambia. "Shida ni kwamba zana za kuandikia ziko nyingi mpaka zinachanganya. Nichague ipi? Halafu, inawezekana kweli kuyaandika mambo haya kwa Kiswahili?"

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Programu ya chama hicho ndiyo daftari la wanachama, lakini nayo inahitaji daftari lake. Mimi si mtaalamu wa tarakilishi. Hata hivyo, swali la zana za kuandikia miongozo lina historia yake, na historia hiyo inawahusu watu wa lugha kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo nilimjibu kwa historia.

Tuanzie Marekani, katika maabara za Bell Labs, jimbo la New Jersey. Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakiunda mfumo wa Unix na walihitaji mashine bora. Wakubwa walikubali kuinunua kwa sababu waliahidiwa kwamba mfumo huo ungesaidia kuandaa maandishi, hasa maombi ya hataza za uvumbuzi. Maana yake ni kwamba mojawapo ya mifumo mikuu ya tarakilishi duniani ilipata riziki yake kwa kazi ya uandishi. Zana waliyoitumia iliitwa roff, mjukuu wa programu ya RUNOFF ambayo Jerome Saltzer aliiunda katika chuo cha MIT mwaka wa 1964.

Tarehe 3 Novemba 1971 mwongozo wa kwanza wa Unix ulitolewa, nao uliandaliwa kwa zana hiyo hiyo. Hebu tazama muundo wake. Kila amri ilipewa ukurasa wake: jina, namna ya kuiandika, maelezo, mafaili yanayohusika, na amri nyingine za kutazama. Mtu yeyote aliyewahi kufungua kamusi ataitambua sura hiyo mara moja. Ni kidahizo, kategoria, fasili na marejeleo mtambuka. Kulikuwa pia na sehemu mbili ambazo mimi nazipenda kuliko zote. Moja ilitaja mwenye kuiandika programu, ili lawama na maswali yajue pa kwenda. Nyingine ilitaja kasoro zinazojulikana. Waandishi hawakuona haya kusema: hapa programu yetu ina walakini. Kurasa za namna hiyo zingali zinasomwa leo katika mifumo ya Linux.

Mwaka wa 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliletewa kurasa za majaribio za chapa mpya ya kitabu chake. Hakupendezwa kabisa na sura ya herufi. Badala ya kulalamika tu, akaamua kuunda programu yake mwenyewe ya kupanga chapa, TeX. Alidhani ingemchukua muda mfupi. Ikamchukua takriban miaka kumi. Katika kazi hiyo alipata wazo lililochapishwa mwaka wa 1984: kwamba programu iandikwe kama insha, kwa ajili ya msomaji binadamu, nayo mashine ipate sehemu yake humo humo. Faili moja lilizaa matokeo mawili. Programu ndogo ya kwanza ilisuka ukurasa wa kusomwa na watu, ya pili ikachambua msimbo wa kutekelezwa na mashine.

Wazo hilo lilisifiwa sana, lakini wachache walilifuata. Kwa nini? Kwa sababu lilimtaka mhandisi awe pia mwandishi mzuri, na vipaji hivyo viwili havikutani kila siku katika kichwa kimoja. Hata hivyo, mbegu haikufa. Lugha ya Java ilipotokea mwaka wa 1995, kampuni ya Sun Microsystems iliambatanisha nayo zana iitwayo Javadoc. Mhandisi anaandika maelezo mafupi juu ya kila kipande cha msimbo, ndani ya faili lile lile, kisha zana inayakusanya na kuyageuza kuwa kurasa za wavuti. Mwaka wa 1997 Dimitri van Heesch alitoa Doxygen, iliyofanya kazi kama hiyo kwa lugha nyinginezo.

Faida yake iko wazi. Maelezo yakikaa jirani na msimbo, anayebadilisha kimoja anakiona kingine. Lakini jamani, zana haiwezi kumfikiria mtu! Kurasa nyingi zilizozalishwa hivyo zikawa kama kamusi inayosema kwamba mpishi ni mtu apikaye, na kupika ni kufanya kazi ya mpishi. Kipande cha msimbo kinaitwa wekaJina, nayo maelezo yake yanasema: "Huweka jina." Msomaji ametoka alivyoingia.

Mwaka wa 2004 John Gruber alitoa Markdown, namna nyepesi ya kuandika maandishi ya kawaida kwa alama chache za kuonyesha vichwa, orodha na mkazo. Ilienea upesi kwa sababu mtu anajifunza kwa dakika chache. Lakini kila mahali ilipofika ilizaa lahaja yake, hata faili lililosomeka vizuri hapa likavurugika kule. Ndipo mwaka wa 2014 baadhi ya wataalamu wakatoa CommonMark, jaribio la kuisanifisha. Sisi wa Kiswahili tunaijua hadithi hiyo. Mwaka wa 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka wa 1930 kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Mabishano kuhusu kilichopotea bado hayajaisha, lakini bila kukubaliana tahajia tusingekuwa na gazeti hili.

Sasa tuje kwenye API, ambazo ndizo zinazomsumbua kijana wangu. API ni mlango ambao programu moja huutumia kuiomba nyingine huduma. Unaponunua kitu mtandaoni, kisha rununu yako ikakuletea ujumbe wa kuweka nambari ya siri ya M-Pesa, ujue programu ya duka imebisha mlango. Mlango huo una adabu zake: ubishe vipi, useme nini, utajibiwaje, na ukikataliwa utaambiwa maneno gani. Yote hayo lazima yaandikwe mahali, la sivyo wageni watabaki uani.

Zana iliyotamalaki katika uandishi huo ilizaliwa wapi? Katika kamusi! Wordnik ni kamusi ya mtandaoni ya Kiingereza huko Marekani, iliyotaka wasanidi programu wengine waweze kuchota maneno na fasili zake. Tony Tam, aliyekuwa mhandisi hapo, aliunda Swagger, iliyotolewa mwaka wa 2011. API inaelezwa katika faili moja lenye mpangilio maalumu, na kutoka faili hilo mashine inazalisha kurasa za maelezo na hata sehemu ya msimbo. Mwishoni mwa 2015 mpango huo ulikabidhiwa kwa muungano wa kampuni chini ya Linux Foundation, na mwaka uliofuata ukapewa jina la OpenAPI. Sidhani ni sadfa kwamba waliozoea kupanga vidahizo ndio waliotambua kwamba mlango wa programu nao unahitaji kidahizo.

Na lugha je? Hapa kwetu Safaricom ilifungua mwaka wa 2017 lango la wasanidi wa M-Pesa, ikaliita Daraja. Jina ni la Kiswahili. Maelezo yaliyo ndani ni ya Kiingereza. Watu husema haiwezekani kuwa vinginevyo. Lakini mwanzoni mwa karne hii, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitafsiri kwa Kiswahili programu nzima ya ofisi, wakaiita Jambo OpenOffice. Walilazimika kwanza kukusanya na kukubaliana istilahi. Kwa hivyo kizuizi si lugha. Mara nyingi kizuizi ni zana iliyochaguliwa bila kumfikiria mfasiri, ambayo imeyafungia maneno ndani ya msimbo au ndani ya picha.

Zipo zilizomfikiria. Mwaka wa 2008 Georg Brandl aliunda Sphinx kwa ajili ya miongozo ya lugha ya Python. Zana hiyo inaweza kuzitoa sentensi zote za mwongozo katika faili la pekee, mfasiri akaweka tafsiri mkabala na kila sentensi. Sentensi ya asili ikibadilika, faili linaonyesha ipi inahitaji kuguswa upya.

Basi nikampa kijana ushauri wa mtu wa lugha. Andika kwa maandishi ya kawaida yasiyofungwa na kampuni moja, ili yasomeke hata kampuni ikifa. Yaweke pamoja na msimbo. Mlango wa programu uueleze kwa OpenAPI, na maelezo marefu uyaandike kwa Sphinx, kwa sababu mhasibu na wanachama wanazungumza Kiswahili na siku moja mhandisi mwingine atataka Kiingereza. Anza na orodha ya istilahi. Riba, mkopo, dhamana, salio na mgao tunazo tayari, tena wanachama wanazielewa kuliko zile za kigeni. Na usisahau sehemu mbili za mwaka 1971: mwandishi na kasoro.

"Kasoro, Mwalimu?" aliuliza. "Niandike makosa ya programu nipewe lawama?"

Nikamwambia kwamba aliyemtangulia alikwepa lawama hiyo, na ndiyo maana wote wamekwama.

Juzi alinitumia ukurasa wa kwanza. Chini kabisa, palipoandikwa "Kasoro", kuna sentensi mbili: "Siku ya kulipa ikiangukia mwisho wa mwezi, programu huihesabu mara mbili na kumtoza mwanachama riba ya siku moja zaidi. Haijarekebishwa." Ameniambia mhasibu aliisoma mwenyewe, kwa Kiswahili, kisha akaomba apewe majina ya wanachama wote waliowahi kulipa mwisho wa mwezi.