Kiswidi na Kimongolia: Lugha zisizo na nasaba moja

Kiswidi ni lugha ya jamii ya Kijermaniki, sawa na Kiingereza. Kimongolia kina jamii yake barani Asia. Kitenzi cha Kiswidi huja katika nafasi ya pili ya sentensi kuu. Cha Kimongolia hukaa mwishoni. Kimongolia pia hupenda viambishi tamati: <i>ger</i> ni nyumba, <i>gert</i> ni nyumbani, <i>gerees</i> ni kutoka nyumbani.

Hatima zao nazo zimeachana. Mwaka wa 2009, sheria iliitambua Kiswidi kuwa lugha kuu ya Uswidi. Mongolia iliacha hati yake ya wima miaka ya 1940 ikatwaa ya Kisirili. Tangu 2025, sheria inataka hati zote mbili zitumike serikalini. Nchini China, hata hivyo, ufundishaji kwa Kimongolia ulipunguzwa shuleni mwaka wa 2020, wazazi wakaandamana.